Mtutu Uliokuwa wa Bluu

Kaka yangu aliingia uani kwetu bila hata kutusalimu kwa kamwene, akaniambia nilete bunduki ya baba. Baba tulikuwa tumemzika mwezi huohuo. Kaka anauza mbao Makambako, na kijijini kwetu, jirani na misheni, huonekana Krismasi na kwenye misiba. Mimi ndiye niliyebaki. Mimi na mume wangu tulimuuguza baba mpaka pumzi ya mwisho.

Nikamletea. Ilikuwa shotigani ya mtutu mmoja, ambayo baba aliimiliki kwa kibali tangu tukiwa wadogo, kwa sababu ya nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mahindi. Mwenye silaha akifa, silaha hupelekwa polisi, na sisi tulipaswa kuipeleka Njombe kesho yake. Kaka aliigeuzageuza juani, akapitisha kidole kwenye mtutu, kisha akanitazama kama mtu aliyemfumania mwizi wa kuku.

"Hii si ya baba," alisema.

"Ni ya nani basi?"

"Ya baba ilikuwa ya bluu. Bluu inayokaribia weusi, inang'aa. Hili la kahawia mmeliokota wapi?"

Hakungoja jibu langu. Alimgeukia mume wangu, aliyekuwa anatoka bandani na ndoo ya maziwa. "Shemeji, ile yenyewe umemuuzia nani? Wakinga hamshindwi biashara."

Mume wangu ni Mkinga wa Ipelele, na ni mtu asiyependa maneno. Aliweka ndoo chini, akasema, "Bunduki ni hiyohiyo, shemeji," akaingia ndani. Kaka akacheka. Kicheko kile kilinichoma kuliko tusi.

Mimi niliiona rangi ile ikiondoka. Ilianzia katikati ya mtutu, pale baba alipozoea kushika kwa mkono wa kushoto. Alikuwa akilala kibandani shambani kulinda mahindi, kwenye mvua na ukungu wetu huu, anarudi asubuhi amelowa, anaitundika ukutani jikoni kwenye moshi, analala bila kuifuta. Alipokuwa na nguvu aliipaka mafuta kila Jumapili baada ya misa. Mikono ilipoanza kutetemeka, kitambaa chenyewe kilimshinda. Bluu ikawa kijivu, kijivu kikawa kahawia. Kaka hakuyaona hayo kwa sababu hakuwepo. Aliyoikumbuka ni bunduki ya utotoni.

Kesho yake mimi na kaka tulikwenda Njombe kwa gari lake. Askari wa ghala la silaha aliifuta kwa mafuta, akasoma namba iliyogongwa kwenye chuma, akalinganisha na ya kwenye kibali.

"Ndiyo yenyewe."

"Afande, namba si mtu anaweza kugonga nyingine?" kaka akauliza. "Ya baba ilikuwa ya bluu."

Askari alikasirika waziwazi. "Ile bluu unadhani ni rangi ya mlango? Haipakwi. Chuma huchemshwa kwenye dawa, juu yake kinaota kutu nyeusi, nyembamba sana, ya makusudi, ili kutu mbaya isipate nafasi. Jasho likiila, mvua ikiila, ile kutu ya kahawia inaingia. Na tazama hapa nyuma, panapoingia risasi, pamekuwa zambarau. Chuma cha hapa kimechanganywa tofauti na cha mtutu, kwa hiyo kinazeeka kivyake. Za zamani nyingi ndivyo zinavyokuwa." Akamkazia macho. "Wewe mara ya mwisho kuishika ilikuwa lini?"

Kaka alichukua kalamu. Alitia saini pale alipoonyeshwa, akatoka.

Nilidhani yamekwisha. Tulipofika kwenye gari akaniambia, kwa sauti ya chini kabisa, "Huyo mmeshamnunua."

Hapo nikasema niliyokuwa nimeyameza tangu msibani. "Baba alikuwa anajikojolea kitandani, mimi nambadilisha. Alikuwa anakuita jina lako, mimi naitika. Ungekuja ungeona hata ngozi yake ilivyobadilika rangi. Au yule tuliyemzika naye si baba yako?"

Aliingia ndani ya gari, akafunga mlango, akaondoka. Mkoba wangu, pesa zikiwa ndani, ulibaki kwenye kiti cha nyuma. Nilitembea mpaka stendi nikiwa na hasira mpaka masikio yananiuma, nikapanda gari la kurudi kijijini, na nauli nilimlipa kondakta jioni mume wangu aliponipokea barabarani.

Kwenye arobaini ya baba, kaka alikuja. Alikaa na wanaume, akala, akaondoka kabla ya sala ya mwisho. Mkoba aliuacha kwa jirani.

Siku hizi nikipeleka viazi Makambako napita mbele ya mbao zake. Huwa amekaa pale, ananiona, anainamia simu. Hajaniomba radhi, nami sijamsamehe. Mume wangu ndiye bado humsalimia.