Kesho Iliyosemwa Jana

Ipo siku moja ambayo mpaka leo sijaisahau, mwanangu. Nimeikumbuka tena juzi, nilipokusikia ukimlalamikia mama yako, binti yangu, kwamba somo la Kiingereza la reported speech halina maana. Ulisema, "Mtu keshasema lake, sasa mimi nigeuzegeuze maneno yake ya nini?" Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa na njaa, na mwenye njaa haambiwi kitu akasikia. Leo umeshiba. Kaa hapa.

Nilizaliwa Mzenga, hilo unalijua. Nilipofaulu kuingia sekondari, marehemu baba alinileta Kibaha nikae Tangini kwa shangazi yangu, Bi Mwantumu, mjane aliyebaki peke yake baada ya wanawe wote kuoa na kuolewa. Moyo wake ulikuwa laini, ila ulimi wake ulikuwa pilipili kichaa.

Kiingereza kilinitesa. Nilikuwa hodari wa kukariri, na kukariri kulinidanganya kwamba nimeelewa. Kanuni zote nilikuwa nazitaja huku nimefumba macho: will inakuwa would, here inakuwa there, tomorrow inakuwa the next day. Kasuku naye husema, mwanangu, tena kwa sauti nzuri, lakini mwulize alichosema.

Mwalimu wetu alikuwa Madam Aneth, mwanamke mwembamba kutoka Iringa. Hakushika fimbo. Fimbo yake ilikuwa maswali, na afadhali angetuchapa. Ijumaa moja aliandika ubaoni: "I will come here tomorrow," Asha said. Akaniita niigeuze. Nikachukua chaki kwa mbwembwe, nikaandika: Asha said that I will come here tomorrow.

Darasa zima likacheka. Madam hakucheka.

"Zuhura, nani atakuja? Wewe au Asha?"

"Asha, Madam."

"Mbona umejipeleka wewe?"

Wakacheka tena. Yeye akangoja wanyamaze, kisha akasema taratibu, "Asha aliposema maneno haya alikuwa amesimama mahali pake, katika siku yake. Wewe unayasema ukiwa mahali pengine, siku nyingine. Ukiyabeba hivyohivyo bila kujua nani alisema, akiwa wapi, na lini, unayempelekea atapotea. Kanuni unazijua zote, binti. Ila Asha mwenyewe hujamfikiria hata kidogo."

Nilirudi kwenye dawati nimenuna. Nimfikirie wa nini, mtu wa ubaoni tu?

Sasa sikiliza yaliyotokea kesho yake, Jumamosi.

Dada yangu Mwajuma alikuwa ameolewa Vihingo, kijiji ambacho magari yake yaliishia Mlandizi. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika, akalia mpaka tukaogopa. Alipopata ya pili, mkunga wa zahanati alimwonya asijifungulie nyumbani. Siku zikikaribia, aje hospitali Kibaha. Basi tulikuwa tunangoja habari zake. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwetu. Habari ilisafiri mdomoni mwa mtu.

Adhuhuri ile akabisha hodi Mzee Pazi, jirani yake Mwajuma. Alikuwa amekuja na pikapu ya kukodi, imejaa magunia ya mihogo ya kupeleka sokoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Shangazi yako yupo?"

Shangazi akatoka, wakasalimiana, akampa maji. Mzee Pazi alikuwa mtu mwaminifu sana. Ukimpa neno, hulifikisha kama lilivyo, hapunguzi wala haongezi chumvi. Akasema, "Nimetumwa na Mwajuma. Amesema hivi: nakuja kesho, mje mnipokee Mlandizi, maana mume wangu amesafiri na mzigo siuwezi."

Shangazi akamshukuru Mungu kwa sauti. "Basi kesho alfajiri tutakwenda! Zuhura, chukua kikapu ukanunue samaki, mgonjwa wetu asikute nyumba tupu." Akaanza kukusanya shuka za kufua.

Nikachukua kikapu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, mguu mmoja nje, nikasita. Neno "kesho" lilinikwama kichwani kama mwiba wa samaki kooni. Kesho ya nani? Nikageuka.

"Samahani, babu. Hayo maneno Mwajuma alikwambia lini?"

"We Zuhura!" shangazi akanikaripia. "Mgeni kachoka na njia, wewe unamhoji kama polisi?"

"Mwache, dada, kuuliza si ujinga," akasema Mzee Pazi. "Aliniambia jana asubuhi, tulipokuwa tunapakia mihogo. Ila gari likatuzimikia njiani, tukalala hukohuko, ndiyo kwanza tunaingia..."

Akaweka glasi chini polepole.

"Lahaula. Kesho yake si ndiyo leo?"

Mwanangu, nilimwona shangazi akiziachia zile shuka zikaanguka sakafuni, asizitazame. Mzee Pazi alikuwa tayari nje, anamwita dereva kwa kelele. Wakayashusha magunia yote pale mlangoni petu, mengine yakapasuka, mihogo ikatapakaa, hakuna aliyeiokota. Tukapanda. Njia nzima mzee wa watu alikuwa akijilaumu, na shangazi, yule mwenye ulimi wa pilipili, alimwambia jambo moja tu: "Kaka, mjumbe hauawi. Omba Mungu tu."

Tulimkuta Mlandizi, kwenye baraza ya mama mmoja fundi cherehani. Amelazwa juu ya vitambaa vya wateja, jasho linamtiririka, na yule mama anampepea kwa kipande cha boksi. Uchungu ulikuwa umemwanza garini, kabla hata hajafika pale. Aliponiona alinishika mkono akaubana mpaka mifupa ikalia.

"Nilidhani hamkuletewa habari," akasema. "Nilisema nikingoja mpaka magharibi hamjaja, nitafute gari linirudishe nyumbani, maana hospitali peke yangu niliogopa."

Angerudi, mwanangu. Katika hali ile, kwenye ile barabara ya mashimo.

Tukamfikisha hospitali. Daktari akamwangalia mara moja tu, akaita wenzake. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Wakamfanyia upasuaji jua likiwa bado linawaka. Sisi tulikaa nje kwenye benchi, Mzee Pazi katikati yetu na kofia yake mapajani. Kisha tukasikia mtoto analia. Alilia kwa hasira kana kwamba naye amengojeshwa Mlandizi. Nesi akatoka anatabasamu. "Wote wazima. Mmewahi." Shangazi akalia, na Mzee Pazi akaenda kusimama nyuma ya jengo ili sisi tusimwone.

Mtoto mwenyewe ni mjomba wako Rajabu, huyo mwenye kitambi anayekuletea korosho kila msimu.

Jumatatu nilimsimulia Madam Aneth. Nilitarajia aseme jambo kuhusu somo lake, maana nani hapendi kusifiwa? Swali lake la kwanza lilikuwa, "Na dada yako, ameshaanza kula?" Nilipojibu ndiyo, ndipo akashusha pumzi. Tangu hapo nilimpenda yule mwalimu, na Kiingereza chake nikakipenda polepole. Sikuwa wa kwanza darasani, la. Lakini sikukariri tena. Kila sentensi niliyopewa, nilimtafuta kwanza mtu aliyeisema.

Unacheka? Wewe wiki iliyopita umenitumia ujumbe kwenye simu: kesho maji yatakatika Kibaha nzima. Nimejaza ndoo, madiaba, mpaka sufuria za pilau. Kumbe ujumbe wenyewe ni wa mwaka jana! Simu zenu zina mbio kuliko pikapu ya Mzee Pazi, lakini hazina mtu wa kusimama mlangoni akauliza, "Lini?" Mtu huyo inabidi uwe wewe.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Usiogope somo hili. Waingereza wana tomorrow na the next day. Sisi tuna kesho na kesho yake. Ni jambo lilelile, na kichwa chako tayari kinalijua. Ukipewa maneno ya mtu uyafikishe, yapokee kwa mikono miwili. Jua ni ya nani, yametoka wapi, na siku gani. Ukiona umekosa kimoja, rudi ukaulize, hata wakikuita polisi. Usiseme "mimi" pale ambapo mwenyewe ni "yeye", wala usimsemee mtu jambo ambalo hakulisema. Nyumba nyingi zimevunjwa na maneno yaliyobebwa vibaya, na nyingine zimesimama kwa sababu mtu mmoja aliuliza.

Mungu akufungulie akili na akupe masikio yanayosikia mpaka mwisho. Ulimi wako uwe amana, watu wakukabidhi maneno yao wakalale usingizi. Na mtihani wako ukapite salama. Amina. Haya, lete kitabu, tuanze na hilo swali la kwanza.