Mwambie Unataka za Supu

Kwa miaka thelathini Nives alikuwa mlinzi wa kanisa dogo mjini Bologna lenye picha moja tu ya maana, nayo iko gizani. Ukitaka kuiona unatumbukiza sarafu kwenye kisanduku, taa inawaka dakika mbili, kisha inazimika hata kama uko katikati ya kustaajabu. Ni katika giza hilo wageni humgeukia Nives na kuanza kumuuliza mengine.

Ukimuuliza pa kunywa jioni, atakwambia ufuate kelele za wanafunzi chini ya matao, huwezi kupotea. Lakini ukimuuliza pa kula, anasimama kabisa.

"Nenda kwa Deanna, nyuma ya soko la samaki. Usisome menyu. Mwambie unataka tortelini za supu. Atakwambia za krimu ndizo tamu. Kataa. Na umwambie asibanie kungumanga."

"Akikasirika je, mama?"

"Atakasirika. Wewe kaa tu, atapakua."

Asilowaambia ni kwamba Deanna ni dada yake wa tumbo moja, na hawajasemeshana miaka kumi na moja.

Zamani, kila jioni Nives akishafunga kanisa, walipika pamoja hapo kwa Deanna. Deanna alikuwa kwenye supu, Nives akisukuma unga na kukunja tortelini, vile vifundo vya unga vyenye nyama ndani, vidogo hata vitano vinaenea kwenye kijiko, kama mama yao alivyowafunza. Mama alipofariki, Deanna akaanza kuvimwagia krimu kwa kuwa wageni waliipenda. Kwa watu wa Bologna hilo si jambo dogo. Nives alivua aproni, akaitundika msumarini, akasema mbele ya wateja, "Leo ndiyo umemzika mama." Tangu hapo kila mmoja akawa anamsubiri mwenzake ajishushe, na vichwa vyao ni vigumu vyote viwili.

Lakini Nives alimpenda dada yake, na kumkosa kulimuuma. Wageni wakirudi kushukuru, aliwachimba: Deanna amekonda? Bado anafoka? Anachechemea mguu gani? Jibu lolote lilimtosha wiki nzima.

Asubuhi moja ya Desemba, mume na mke kutoka Norwei waliokuwa wamekula kwa Deanna jana yake walirudi na sura za kushindwa.

"Mama, tulikataa krimu kama ulivyotuambia. Mhudumu akasema za supu hazipo."

"Zilikuwa zimekwisha?"

"Hazipo tena. Wanapika za krimu tu."

Deanna angeweza kufoka, angeweza kutukana, lakini supu ilikuwa haijakosekana hata siku moja. Akatoa funguo. Profesa mmoja ndiyo kwanza alikuwa ametumbukiza sarafu.

"Toka, baba, nafunga."

"Lakini taa bado inawaka!"

"Itazimika yenyewe. Ukitaka haki yako, njoo unidai kwa Deanna."

Alimkuta Deanna jikoni, ameketi kwenye stuli, mkono wa kulia umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Mezani palikuwa na pakiti za tortelini za dukani.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kuona umevunja nini."

"Si unaona. Wiki mbili sasa siwezi kukunja, na hizi za dukani sizitii kwenye supu ya mama."

"Wiki mbili, dada, na hukunitumia hata neno?"

"Ningemtuma nani? Watu wa kutumwa wote ni wako."

Nives akasogea karibu. "Kwani ulijua?"

"Mjapani anaingia, hata salamu hajui, ananiambia nisibanie kungumanga! Nani kamfundisha, ile picha yako?" Deanna aligeuza uso upande wa dirisha. "Miaka kumi na moja nateleka supu kwa ajili ya watu wako. Umeniletea dunia nzima, Nives. Wewe mwenyewe tu ndiye hukujileta."

Nives alilia, wala hakujificha. Alipogeuka kutafuta kitambaa cha kujifutia, akaiona aproni yake kwenye msumari uleule, imefuliwa na kupigwa pasi. Akaivaa, akanawa mikono.

"Unga uko wapi?"

"Pale pale ulipouacha."

Jioni profesa alikuja kweli kudai sarafu yake. Deanna alimkaribisha kiti, akamuuliza kwa upole kama atakula za krimu au za supu.

"Za supu," Nives akadakia kutoka mezani, unga umemjaa hadi kwenye viwiko.

"Nimemuuliza yeye, sikukuuliza wewe," Deanna akasema, huku upawa tayari uko mkono wa kushoto, anachota supu.