Jiwe Chini ya Marumaru

Tharsisi fundi baiskeli alikuwa mtu wa kusamehe, mpaka siku lori la Ildefonsi liliporudi nyuma na kumkanyaga mguu. Hiyo ilikuwa mwaka 2012, barabara ya sokoni, Kasulu. Mguu uliunga vibaya. Moyo haukuunga kabisa.

Kosa halikuwa la dereva peke yake. Ildefonsi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa amesogeza baraza lake la udongo mpaka ukingoni mwa mtaro, hivyo kila mwenda kwa miguu na kila mwenye baiskeli akifika hapo ilimbidi ashuke barabarani, katikati ya malori. Mtendaji wa mtaa, Mama Herieth, akaitisha mkutano. Watu wakaomba njia ya pembeni. Ildefonsi akasimama, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Eneo ni langu mpaka mtaroni," akasema. "Na huyu Tharsisi, kama barabara zetu zimemshinda, akatembee kwao Burundi."

Watu walicheka. Si wote, lakini walitosha. Tharsisi alizaliwa hapo hapo Kasulu. Waliovuka mpaka kule Mabamba, na mkeka mmoja kichwani, ni wazazi wake. Cheti cha uraia anacho sandukuni. 

Mama Herieth akauliza kama kuna anayejua lilipo jiwe la mpaka wa barabara. Likionekana, alisema, ubishi umekwisha.

Tharsisi alijua. Ujanani aliwahi kuwa kibarua wa wapima ardhi, na saruji ya jiwe lile aliikoroga yeye. Kabla haijakauka aliikandamizia kifuniko cha kengele ya baiskeli, kwa utundu tu. Jiwe lilikuwa chini ya baraza la Ildefonsi, hatua tatu ndani. Alifungua mdomo, kisha akaufunga. Baraza la udongo? Hilo mtu analibomoa asubuhi, jioni ameshasahau. Hapana, bwana. Aongeze kwanza.

Basi akangoja. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, akaona kila kitu huku akiziba pancha za watu. Ildefonsi akamwaga zege. Akasimamisha nguzo. Akatandaza marumaru nyeupe, na kila asubuhi akawa anazipiga deki mwenyewe, wala hamwachii mfanyakazi. Tharsisi alizifurahia marumaru zile utadhani kazinunua yeye. Alivuka hata kumpongeza.

"Hongera, bosi. Baraza limependeza."

"Jitihada, fundi," Ildefonsi akamjibu, amevimba kichwa.

Mvua za mwaka 2014, mbele ya baraza hilo hilo, Dorcas muuza ndizi alishuka barabarani na beseni kichwani, lori likamkumba. Nyonga ikavunjika. Dorcas alikuwa jirani yake Tharsisi, na ndiye aliyempelekea uji miezi yote mitatu alipolala kitandani kwa ajili ya ule mguu. Tharsisi alikwenda hospitali kumwona, akakaa kando ya kitanda, na maneno yakamfika kooni. Lakini wiki hiyo Ildefonsi alikuwa anaagiza nondo za mapambo za kuzungushia baraza. Tharsisi akayameza maneno, akangoja nondo.

Mwaka uliofuata mradi ukafika: njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, kutoka stendi mpaka sokoni. Mkutano ukaitishwa tena. Ildefonsi akasema yale yale, Mama Herieth akauliza swali lile lile. Safari hii Tharsisi aliinuka.

"Mama Mtendaji," akasema, "naomba sururu."

Walichimba watu wanaona. Kila marumaru iliyopasuka, Tharsisi alisikia raha mpaka kwenye mguu mbovu. Jiwe likatokea na namba yake, na juu yake kifuniko cha kengele, kimeliwa na kutu. Tharsisi akachechemea hadi kwa Ildefonsi, akamsogelea sikioni.

"Nimefika Burundi, nimerudi," akamwambia. "Nimekukuta wewe ndiye uko barabarani."

Baraza lilibomolewa kwa siku mbili. Njia ikapita hapo, pana, imenyooka, na waendesha baiskeli wakawa wanampigia Tharsisi kengele kumshukuru. Alizoea haraka kuitwa shujaa.

Siku moja Dorcas akaja na fimbo yake, akavuka, akakaa kwenye benchi la kibanda. Kifuniko kile alikuwa nacho. Alikiokota kwenye kifusi. Akakipangusa kwa ncha ya kitenge.

"Kaka Tharsisi, hiki wanasema ulikitia wewe."

"Mimi, dada."

"Kwa hiyo ulijua jiwe liko wapi. Tangu lini?"

Angeweza kudanganya. Aliangalia fimbo, akashindwa.

"Siku zote," akasema.

Dorcas akashika fimbo, akainuka. "Na mimi nilikuwa nakuletea uji," akasema. Akakiweka kifuniko kati ya spana za Tharsisi, akaondoka.

Sasa kila asubuhi hupita kwenye njia mpya na ndizi zake, taratibu. Akifika dukani kwa Ildefonsi humpa salamu ya asubuhi ya Kiha, "Mwakeye," na Ildefonsi, kwa aibu, humwitikia. Ng'ambo, Tharsisi husimama na pampu mkononi, akingoja zamu yake ya kusalimiwa. Dorcas huangalia mbele, akapita.