Kiwanja cha Mfinyanzi

Kila alipofika mahali, mama mfinyanzi aliuliza kwanza choo kiko wapi, ndipo akaketi. Vidole vyake vilitetemeka mpaka viguse udongo, hapo vikatulia. Kikapuni, chini ya vyungu, hakukosa khanga kavu. Nassibu, mchuuzi wa Gongoni, alikuwa mteja wake wa siku nyingi, tena mtu asiyeshangazwa na muuzaji yeyote. Lakini siku ya kugawa viwanja vya kijiji cha ujamaa, Bwana Maendeleo, afisa wa serikali, alimpa mama huyo kiwanja cha mwisho, mbali na vyoo vilivyokwisha kuchimbwa.

“Kule sifiki, mwanangu,” mama alimwambia mbele ya kadamnasi, ameegemea mkongojo. “Daktari kasema ni mishipa ya fahamu. Mkojo wangu hausubiri. Choo nacho mara kinagoma wiki nzima, mara kinanitoka njiani. Nipe kile pale, karibu na vyoo.”

Vijana wakaangua kicheko.

“Chekeni, wajukuu. Mimi nangoja kiwanja.”

Nassibu akajikuta amesimama. Tangu aanze kupatana bei hajamwona mtu akianika aibu yake juani kama makopa ya muhogo, sauti isitetereke. Bwana Maendeleo akang’oa kigingi cha mama, akakihamishia karibu na vyoo. Kisha mzee Silasi, kiongozi wa kwaya, akakohoa.

“Bwana, na changu… kisogeze kidogo huko.”