Kitanda cha Mkwe

Wanawake wa chama chetu hapa Mutomo waliniuliza juzi familia ya kawaida itenge pesa ngapi za likizo ya Desemba. Waliniuliza mimi kwa sababu nauza mbegu na dawa za mifugo, na watu huamini kwamba anayejua bei ya dawa ya kupe anajua bei ya kila kitu. Tena nyumba yetu inajulikana kwa kwenda likizo. Wengine huenda msibani au hospitalini, na wakirudi husema walikuwa wamesafiri. Sisi kila Desemba tunamwachia jirani kuku, tunafunga mlango na kwenda Kilungu kwa mama yangu kula maparachichi.

Niliwajibu vizuri. Niliwaambia watenge nauli ya kurudi kabla ya nauli ya kwenda, kwa sababu ya kurudi ndiyo husahaulika. Watenge sukari ya kila nyumba iliyo kando ya njia, maana kule kwetu huwezi kumpita shangazi na mfuko uliojaa halafu umwambie hujambo tu. Wabebe pojo na mbaazi kutoka huku, zitawapunguzia aibu ya kula bure. Maji wasiyawekee bajeti, kule yanatiririka yenyewe. Watoto wangu, waliozoea maji ya mtungi wa kununua, wakifika Kilungu huosha miguu asubuhi, mchana na jioni bila kutumwa na mtu.

Kuna gharama moja sikuitaja, nayo ilitula kwa miaka mingi kuliko nauli na sukari zikiwekwa pamoja. Ni gharama ya kitanda cha mume wangu.

Kwetu Ukambani, mwanamume na mama mkwe wake wana nthoni kati yao. Tunaiita aibu, lakini si aibu ya mtu aliyekosa. Ni heshima iliyozidi hadi ikawa ukuta. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawali pamoja, na zaidi ya yote hawalali chini ya paa moja. Vijana wengi siku hizi hawaijali, na wengine hukumbatia mama mkwe mbele ya kamera. Mama yangu anaijali. Mchungaji wake aliwahi kuhubiri kwamba hayo ni mambo ya kale, na mama akaniinamia pale kwenye benchi akasema, "Huyo bado hana mkwe. Akipata, tutaongea."

Ukuta huo una mlango. Mkwe akileta mbuzi na blanketi, wazee wakakaa na kula, basi anaruhusiwa kuingia na kulala kama mtoto wa nyumba. Mahari yetu ililipwa, na harusi tulifanya kanisani. Mbuzi huyo wa kufungua nyumba ndiye aliyebaki. Baba yangu alikuwa amepanga siku yake, lakini akafariki kabla ya siku hiyo kufika, na baada ya mazishi hakuna aliyeitaja tena.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini hatukuitaja. Mume wangu angeanzaje? Ingeonekana ana haraka ya kuingia kwa mama mkwe. Mama naye hawezi kudai mbuzi wa kumfungulia mlango mwanamume asiyemtazama hata usoni. Mimi nikimwambia mume wangu apeleke mbuzi kwetu, atadhani nimetumwa. Baba mdogo, aliyebaki kuwa mzee wa boma baada ya baba, alikuwa kimya, nasi tukauchukua ukimya wake kuwa jibu. Nthoni ina werevu wake: inakuzuia hata kuuliza namna ya kuiondoa.

Kwa hiyo tulimlipia mume wangu chumba cha lojing. Ilikuwa sokoni, ng'ambo ya kijito, juu ya kinu cha posho, shilingi mia saba kwa usiku bila chai. Mimi na watoto tulilala kwa mama, tukipigania blanketi na kucheka. Mume wangu alilala peke yake na kuamka na unga kwenye nyusi. Yeye ni fundi wa mawe, hujenga matangi ya maji, na si mtu wa kulalamika. Asubuhi alipanda kilima, akakaa kwenye kiti barazani, nje ya nyumba, akarekebisha lolote lililovunjika, na jua likianza kushuka akachukua koti lake akateremka. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alijipa jembe mwenyewe siku ya kwanza, na kitanda bado hakupewa.

Mama na yeye waliongea kupitia watoto. "Mwambie baba yako chai iko tayari." "Mwambie Susu asante." Susu ni nyanya kwa Kikamba, na ndivyo watoto wanavyomwita. Siku watoto wote walipokuwa kijitoni, mama alisimama jikoni nyuma ya ukuta akamwambia kuku, kwa sauti, "Wewe kuku, mgeni akitaka ndizi ziko kwenye ungo." Mume wangu akamjibu kuku, kwa adabu kabisa, kwamba ameshiba. Nilikuwa pale nikichambua pojo. Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikashikwa na hasira ambayo haikuisha siku ile nzima.

Nilikasirika kwa sababu nilijua ninachotaka, na kilikuwa kitu kidogo. Nilitaka likizo moja ambayo sote tungelala chini ya paa moja, mume wangu na mama yangu wakiwa nyumba moja, kabla kifua cha mama hakijamshinda. Kifua hicho ni kibovu tangu utoto wangu, na baridi ya Kilungu haina huruma. Kila mwaka nilimwona akipanda kilima polepole zaidi. Kila mwaka tulimpa mwenye lojing pesa yake.

Halafu ikaja Desemba ya mvua. Ilinyesha tangu mchana, na saa ya mume wangu kuteremka ilipofika, kijito kilikuwa kimefunika mawe ya kuvukia. Alikwenda mpaka ukingoni, akarudi akiwa amelowa. Alikaa nje kwenye kiti chake barazani, mvua ikimrukia magotini, na hakuna aliyemwita ndani. Nilimletea taulo. Nilitaka kupiga kelele lakini sikujua nimpigie nani.

Mama alitoka kwa mlango wa nyuma. Tulidhani amekwenda kumwangalia ng'ombe. Baada ya muda mtoto wa jirani alikuja mbio, gunia likiwa kichwani kama kofia, akaniambia, "Susu amesema atalala kwetu. Amesema baba wa watoto aingie, asilale nje."

Alikuwa amepanda njia ya utelezi, kwenye mvua ile, na kifua kile, ili mkwe wake apate pa kulala. Hakuniaga mimi, kwa sababu alijua ningemzuia. Mume wangu aliusikia ujumbe huo akiwa amesimama. Aliingia ndani ya nyumba ya mama yangu kwa mara ya kwanza tangu tuoane, akakaa kwenye stuli karibu na mlango, na hakulala kitandani. Watoto walifurahi sana kuwa na baba yao ndani. Mdogo alimuuliza, "Kwani kwa Susu unapaogopa?" Akajibu, "Siogopi. Naheshimu."

Kesho yake mama alirudi akikohoa, na kufikia Krismasi alikuwa hospitalini. Nimonia. Nilikaa naye, na nikamwambia nilichofikiria bila kuchuja maneno. Nilimwambia nthoni ya namna hii itaniachia kaburi la kupalilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe unajua hiyo mambo si yangu kusema." Halafu akageukia ukutani. Niliona mabega yake yamekonda na nikajuta ukali wangu, lakini si maneno yenyewe. Alipona. Alirudi nyumbani mwepesi kuliko alivyoondoka, akiwa na dawa za kuvuta kwa mdomo na amri ya kutoguswa na baridi.

Mwaka uliofuata watoto walitaka Mombasa. Wenzao shuleni walikuwa wamepanda treni, na waliporudi hawakuacha kuongea juu yake. Tulikuwa tumeweka pesa kidogo kidogo, na hata baada ya hospitali kula yake, ilikuwa imebaki ya kutosha ikiwa tungelala pa bei rahisi na kula mara mbili kwa siku. Nilipiga hesabu hiyo mezani, watoto wakichungulia juu ya mabega yangu. Mume wangu alikuwa akinoa patasi yake mlangoni.

"Mombasa itangoja," alisema. "Bahari haihami."

Watoto walinuna. Mkubwa alimuuliza pesa hiyo sasa ni ya nini. Alisema ni ya mbuzi, blanketi na gari la kubeba mbuzi. Kisha akaniangalia mimi, akaongeza, "Nimeuliza kwa baba yako mdogo. Nimempigia simu."

Alimpigia simu. Miaka yote ile ya lojing, na dawa ilikuwa ni kumpigia simu baba mdogo. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, kisha nikarudi nikawaambia watoto waache kununa.

Alichagua beberu mwekundu katika soko la hapa Mutomo, mnono, wa kutosha wazee wenye meno na wasio na meno. Blanketi alinunua zito, la rangi ya kahawia. Tulifika Kilungu tukiwa kwenye pikapu ya rafiki yake anayesafirisha pojo, na beberu akalia njia nzima. Wazee walikuja. Walikuwa wachache, maana wengi wa rika la baba wamekwisha. Walikula, wakaomba, baba mdogo akamfunika mama blanketi mabegani, na mama akaangalia chini muda wote.

Nilimkuta baba mdogo baadaye akitafuta kijiti cha kuchokolea meno. Sikuweza kujizuia. Nilimuuliza kwa nini hakusema kitu miaka yote hiyo.

"Sisi?" alishangaa kweli. "Sisi tulijua huyu ni mtu wa soko, anapenda hiyo kitanda ya lojing. Tukasema, tusimlazimishe mtoto wa watu kulala huku kwa viroboto."

Nilirudi kuosha sufuria.

Wazee waliondoka mmoja mmoja. Watoto walikwenda kijitoni kuosha miguu, na ukungu ulianza kushuka kwenye migomba. Mume wangu alikuwa amekaa ndani safari hii, kwenye kochi, mikono magotini, akisikiliza sahani zikigongana jikoni. Nilimwona akitazama dirishani, akapima mwanga uliobaki. Kisha akasimama, akachukua koti lake na kuelekea mlangoni, kama alivyofanya kila jioni ya kila likizo. Nadhani miguu yake ilikuwa haijaambiwa.

Mama alikuwa anatoka jikoni na birika la chai. Walikutana mlangoni uso kwa uso, na hapakuwa na mtoto wala kuku wa kumtuma. Blanketi lilikuwa bado mabegani mwa mama. Niliacha nilichokuwa nafanya.

"Wewe," mama alimwambia. Akakohoa, akaanza tena. "Wewe mtoto wangu, unaenda wapi na kunaanza baridi?"

Mume wangu alipokea birika kutoka mikononi mwa mama, kwa sababu lilikuwa zito, akarudi na kukaa, koti likiwa bado chini ya kwapa.