Koili ya Mama Ndindi

Kwetu mtaa wa Jericho, mwaka huo wa 1981, mtu angeweza kukunyima chumvi nawe ukasahau kufikia kesho yake. Moto ndio haukunyimwa. Jioni wanawake wa laini yetu ya nyumba tulitoa majiko nje, na yule ambaye makaa yake yalishika kwanza aliwagawia wengine. Ulikwenda na kipande cha bati, ukawekewa makaa mawili matatu mekundu, ukarudi mbio kabla hayajapoa. Hata waliokuwa wamegombana asubuhi walipeana moto jioni, wakanuniana baadaye.

Ndiyo maana jirani yangu Mama Ndindi alinikera tangu mwanzo. Jina lake mwenyewe lilikuwa Kanyiva, mtu wa Mbooni, mrefu, mnyamavu, mkewe Maingi aliyekuwa dereva wa lori la Mombasa. Nyumba yake na yangu ziligawana ukuta. Alisuka vyondo mlangoni na kanisani aliongoza kwaya, na sauti yake, nakiri, ilikuwa tamu. Lakini moto hakuomba wala hakutoa. Jiko lake lilikaa pembeni ya mlango limejaa nyuzi za katani. Na sufuria zake ziling'aa mpaka chini, pale ambapo zetu zilikuwa nyeusi tititi. Mimi nikasema huyu ni kiburi tu, anakesha akisugua sufuria ili tuonekane wachafu.

Jumatano moja mvua ilinyesha ikanizimia jiko. Odero, mume wangu, alikuwa anatoka zamu ya reli akiwa na njaa, na Anyango wangu alikuwa na homa, anataka uji. Majirani wengine walikuwa bado hawajawasha. Nikachukua bati langu, nikabisha kwa Mama Ndindi.

Alifungua mlango upana wa kiganja.

"Niwekee makaa kidogo, Mama Ndindi. Mtoto ni mgonjwa."

"Pole, Mama Anyango. Moto umezima."

Nyuma yake nilisikia sufuria ikitokota. Si kuchemka kwa kubahatisha, ni kutokota kwenyewe, kifuniko kinacheza. Nilisimama pale kwenye mvua na bati langu mkononi, na mlango ukafungwa.

Sikulala vizuri. Nina hasira za karibu, mama yangu alizisema tangu nikiwa mdogo, na hasira hiyo ilinipeleka mbali. Siku hizo stima ya laini yetu ilikuwa inakatika kila jioni. Nyumba sita zilikula fyuzi moja, na fyuzi hiyo iliungua mara tatu kwa wiki. Alhamisi asubuhi nilikwenda ofisi ya estate. Sikumtaja mtu, na kwa miaka mingi nilijifariji kwa hilo. Nilisema tu kwamba pengine kuna mtu katika laini yetu anayepikia koili, lile jiko la waya wa stima. Koili ilikuwa imepigwa marufuku, na kila mpangaji alijua kwamba akipatikana nayo, nyumba ni ya kurudisha. Karani wa nyumba, Bwana Zedekiah, alinishukuru akaandika.

Jumamosi, kama saa tano mchana, walikuja bila kutangaza. Zedekiah alikuwa na rejista kwapani, na askari mmoja nyuma yake. Walianzia mwisho wa laini, nyumba hadi nyumba. Waliingia kwangu, wakachungulia kabati, askari akapiga magoti akaangalia chini ya kitanda. Jiko langu lilikuwa uani nyuma, samaki wangu juu yake. "Sawa," akasema karani, akatia alama. Walipotoka, mzee wa nyumba ya mbele akawaita wakaone mfereji wake unaovuja. Baada ya hapo ilikuwa zamu ya Mama Ndindi.

Nikasikia mtu kwenye mlango wangu wa nyuma. Alikuwa yeye, bila kitambaa kichwani, anapumua kwa shida.

"Mama Anyango, nisaidie moto."

Nilitaka kumwambia umezima. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alinishika mkono akanivuta hadi jikoni kwake, na hapo nikaona. Juu ya tofali mbili kulikuwa na koili, waya wake umezunguka kama jongoo aliyejikunja, mwekundu kabisa, na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, wa kumngojea Maingi ulikuwa unatokota juu yake. Hapakuwa na jivu wala harufu ya makaa.

"Kifua changu hakitaki moshi," akasema. "Nimelazwa mara mbili. Maingi ndiye alininunulia. Wakiiona, tunatolewa, na Ndindi anafanya mtihani mwezi ujao."

Basi ile sufuria safi haikuwa kiburi. Nililiona jambo zima kwa mara moja, pamoja na lile la Jumatano. Mimi ndiye niliyewaleta wale watu.

Hapakuwa na nafasi ya kusema lolote. Nilikimbia uani, nikatua samaki wangu chini, nikabeba jiko langu na moto wake wote nikaliweka kwake. Yeye alichomoa waya ukutani, akahamisha sufuria. Kule mbele nilisikia mzee akimaliza hadithi ya mfereji.

"Ilete kwangu," nikasema. "Kwangu wameshakagua."

"Bado ina—"

Sikumngoja amalize. Ule wekundu ulikuwa umetoka, koili imekuwa nyeusi. Mimi maisha yangu yote nimepika kwa kuni na makaa, na moto kwangu ni rangi. Ukiwa mwekundu uko hai, ukiwa mweusi umekufa. Nilisikia joto, ndiyo, lakini hata jivu lina joto. Niliishika pembeni kwa leso, nikaisukuma chini ya kitanda changu kando ya gunia lenye koti la zamani la Odero, nikarudi mbio mlangoni kwake kama jirani aliyekuja kusalimia.

Zedekiah aliingia. Aliangalia ukutani, akaangalia jiko. Alifunua sufuria, akaiinua kidogo kwa ncha ya kitambaa, akainama kutazama chini yake. Ilikuwa inang'aa.

"Sufuria mpya hii?"

"Naisugua kwa mchanga," akasema Mama Ndindi. Moshi ulikuwa umeanza kumkaba, lakini alikizuia kile kikohozi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Karani akafungua rejista akatafuta kalamu. Alikuwa ameshagusa karatasi askari alipoinua pua.

"Bwana Zedekiah, kuna kitu kinaungua."

Sote tukatoka. Moshi ulikuwa unatoka dirishani kwangu, mzito, wa gunia. Askari aliingia mbio akavuta vitu nje kwa ufagio. Gunia lilikuwa limeshika moto na nusu ya koti la Odero imekwenda. Alimwaga ndoo ya maji, na koili ikalia chaaa mbele ya laini nzima.

"Mama," akasema Zedekiah polepole, "nimetoka hapa sasa hivi."

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimefika chini kabisa. Niliiona nyumba ikienda, na Odero akirudi kutoka zamu akute vyombo nje. Nitasema kweli, kwa kuwa ndiyo sababu ya kusimulia haya: nilifungua mdomo nimtaje jirani yangu. Nilishavuta pumzi ya kusema si yangu, ni ya huyu.

"Ni yangu," akasema Mama Ndindi nyuma yangu. "Huyu mama nimemwomba anifichie. Msimwandike."

"Una hakika? Kwako nimeona jiko."

"Jiko ni lake. Mtu akikosa moto, ataomba kwa nani?"

Hapo ndipo kikohozi kikamshinda, akainama akishika ukuta. Mimi nilisimama. Sikumshika hata bega. Zedekiah alifuta katika rejista alama ya nyumba yangu, akafikiri, akairudisha. Mama Ndindi alipewa siku saba ahame.

Katika siku hizo saba nilibisha kwake mara tatu ili nimwambie nani alikwenda ofisini. Mara zote aliniwekea chai, na mara zote niliinywa nikaondoka. Maingi alitafuta chumba mtaa wa Huruma. Nilipomuuliza Mama Ndindi kama kina stima, alisema stima bado, watatumia makaa mpaka ifike.

Asubuhi ya kuhama, mkokoteni ukiwa umeshapakiwa vitanda na vyondo, alikuja mlangoni kwangu amebeba jiko langu, lile nililomwachia. Lilikuwa limejaa makaa mekundu, yameshika sawasawa hadi pembeni. Aliyawasha mwenyewe, maana nyumbani kwao hapakuwa na mtu mwingine saa hizo. Macho yake yalikuwa yanachuruzika machozi ya moshi na kifua kinapiga filimbi.

"Siku ile ya mvua uliniomba moto nikakunyima," akasema. "Niliogopa ungeingia ukaona. Ulikuwa na mtoto mgonjwa, na mimi nikakudanganya. Limeniuma sana."

Alilitua jiko miguuni pangu. Nikamwambia asante, Mama Ndindi. Sikumwambia jambo lingine. Alifunga kitambaa chake kichwani akafuata mkokoteni, na mimi nikaweka maji ya chai juu ya moto wake, kwa sababu makaa yakishashika hayangoji.