Mpishi wa Gwaride

Wewe unayenisikiliza, huenda siku moja ukakabidhiwa karatasi na kalamu, uambiwe upange shughuli ya watu: nani atangulie, nani afuate. Kazi hiyo huonekana ndogo. Mimi niliifanya kwa miaka kumi na mmoja hapa kwetu, upande wa Msambweni, na hakuna kazi ninayoijutia kama hiyo.

Kila mwaka, siku ya sikukuu ya taifa, tunafanya gwaride la kuwaheshimu wanajeshi. Si kubwa. Linaanzia kwenye zahanati, linafuata barabara ya vumbi mpaka uwanja wa shule. Wanapita skauti, wanapita watoto wa madrasa na kofia zao nyeupe, wanapita kina mama wa vikundi waliovaa leso za sare, halafu walinzi wa hoteli za Diani, ambao wanatembea kwa ukakamavu kuliko polisi wenyewe. Mwisho kabisa wanapita wanajeshi wastaafu, wazee saba au wanane, baadhi yao wametoka Bodo na Majoreni tangu alfajiri. Hapo uwanja mzima husimama. Mimi, mwalimu wa darasa la nne, ndiye niliyekuwa na orodha na filimbi.

Jirani yangu alikuwa mwanajeshi mstaafu pia, ila jeshini alikuwa mpishi. Aliwapikia wenziwe miaka ishirini na mbili, mingi kati ya hiyo kwenye kambi za kaskazini, ambako maji ya kupikia yalikuja kwa lori. Nilimwita ami, kwa kuwa alikuwa rika moja na baba yangu mdogo. Yeye aliniita afande, kwa sababu ya ile filimbi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, afande. Mwaka huu nimo?"

"Umo jikoni, ami. Usipokuwa jikoni wewe, wageni watakula nini?"

"Haya. Amri nimeisikia."

Tukacheka sote wawili. Maneno hayo tuliambizana kila mwaka wiki ya mazoezi, mpaka nikayaona kama sehemu ya sherehe yenyewe.

Mara moja tu alinieleza anachokitaka. Ulikuwa mwaka wa pili au wa tatu. Alisema, "Unajua, mwalimu, mama wa watoto wangu ameniona nikiondoka na ameniona nikirudi. Kule katikati hakukuona. Ningependa anione nikipita, mara moja tu, na wenzangu, mguu sawa." Siku hiyo hakuniita afande. Nilimwambia, "Mwakani, ami, inshallah," nikaendelea kuandika orodha.

Acha nikufahamishe ugumu ulikuwa wapi, usije ukadhani nilimnyima kwa chuki. Pilau ya watu wengi kwetu hupikwa nje, katika sufuria kubwa juu ya mafiga. Nyama na viungo vinaweza kuangaliwa na yeyote. Lakini mchele ukishatiwa, mpishi haondoki. Anasubiri maji yakauke, anapunguza moto chini, anapalia makaa juu ya kifuniko. Watu wetu wanaamini kwamba aliyetia mchele ndiye apalie makaa, na kwamba pilau iliyobadilishwa mkono katikati itatoka bokoboko. Hakuna mpishi wa shughuli atakayekubali kumwachia mwenzake hapo. Na wageni ilikuwa lazima wawe wameshakula kabla ya adhana ya adhuhuri. Kwa hiyo mchele uliingia saa tano. Wastaafu, kwa orodha yangu, walipita saa tano na nusu.

Niliwaweka mwisho kwa nia njema. Niliona kitu kizuri zaidi kije mwisho, watu waende nacho nyumbani. Nilikuwa nikijivunia mpango ule.

Wenziwe walimtania. Mmoja, mzee wa Majoreni mwenye sauti nene, alipita jikoni kila mwaka kabla ya gwaride. "Wewe bunduki yako ni huo mwiko!"

"Na wewe ulikwenda vitani na tumbo tupu? Nani alikulisha?"

"Ulitulisha mawe."

"Mawe hayo ndiyo yaliyokutia mwili huo. Rudisha basi!"

Mwaka mmoja nilitupa macho jikoni wakati wastaafu wanapita. Jiko lilikuwa nyuma ya darasa la kwanza, na kutoka nilipokuwa nimesimama palionekana. Ami alikuwa amesimama mbele ya sufuria, wima, katika moshi. Alikuwa amevaa bereti. Chini ya aproni nikaona shati lake la jeshi, mikono imepigwa pasi ikanyooka. Kwa mkono wa kulia alipiga saluti, wa kushoto aliubana ubavuni pamoja na mwiko, na hakuushusha ule wa kulia mpaka mzee wa mwisho alipopita. Kina mama waliokuwa wakikata kachumbari walicheka mpaka wakafuta machozi. Nami nilicheka. Baadaye nilikuwa nikiwasimulia walimu wenzangu kisa hicho kama kichekesho.

Mwaka juzi, baada ya Ramadhani, kidonda kidogo cha kisigino kilikataa kupona. Alikuwa na sukari, na hakumwambia mtu. Akakatwa mguu chini ya goti.

Gwaride la mwaka huo tulitafuta mpishi mwingine. Asubuhi ile, mgeni wa heshima alitujia na haraka zake, ana shughuli nyingine Ukunda, akasema angependa kuwaona wastaafu kwanza, kisha aende. Nikachukua kalamu. Nikakata mstari wa mwisho, nikauandika juu kabisa. Kazi hiyo haikunichukua hata dakika. Wastaafu wakapita saa nne na robo, uwanja ukasimama, watu wakapiga makofi kama siku zote. Saa nne na nusu walikuwa wamekaa kivulini wanakunywa maji.

Nikatazama jikoni. Mpishi mpya alikuwa bado anamenya vitunguu saumu. Mchele ulikuwa ungali kwenye gunia.

Nilisimama na filimbi yangu mdomoni, nikasahau kuipuliza.

Alasiri nilimpelekea ami sahani ya pilau. Mkewe aliipokea, akanikaribisha ukumbini. Nilimweleza ami kila kitu, kwa sababu sikuweza kukaa nacho. Nikamwambia mwaka ujao yeye atakuwa wa kwanza, tutatafuta kiti cha magurudumu, mimi mwenyewe nitamsukuma.

Alitafuna tonge lake polepole. "Huyu mpishi amezidisha bizari," akasema. Kisha akasema, "Nilitaka kupita kwa miguu, afande. Kubebwa nitabebwa siku yangu ikifika."

"Ami, wewe ulijua? Kwamba ilikuwa ni kuwatanguliza wastaafu tu?"

"Nilijua tangu mwaka wa kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Askari hampangii afande orodha."

Alitabasamu alipokuwa akisema, kama alivyotabasamu kila mwaka, lakini safari hii sikucheka. Mkewe alikuwa amekaa mlangoni, akichambua mchicha. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Shati lile nimelipiga pasi kila mwaka, mwalimu. Sikujua kama analivalia jikoni."

Mkewe huyo, kila mwaka, kina mama walimweka uwanjani, mbele, chini ya turubai. Kutoka pale jiko halionekani.

Nimeiacha filimbi kwa mwalimu mwingine, na wewe nakuachia hili. Sikulaumu kwa lolote, bado hujakosea, na jambo lenyewe ni jepesi. Siku utakapopewa orodha, usianze kuandika. Nenda kwanza nyuma, jikoni, umuulize mpishi mchele unaingia saa ngapi. Kisha umuulize kama naye angependa kupita. Akisema ndiyo, liandike jina lake juu.